Siku Mkipika, Mtuite

"Kwani nilikushika mkono nikakupeleka?" Murugi aliuliza, na safari hii akaiweka ndoo chini, akaisukuma kando kwa mguu, watu wakajua haendi popote. "Ulienda na miguu yako mwenyewe. Ukavaa viatu vya Krismasi, ukapaka mafuta, ukaenda."

"Nilienda kwa sababu ya huo mdomo wako," Wacera akamjibu. "Ulisema ni chakula, Murugi. Mimi nikapeleka wakwe zangu wakale chakula. Wakalishwa kionjo."

Hapo ndipo wapangaji wa ploti nzima walipojua kwamba mambo yameharibika kweli. Miaka kumi wanawake hawa wawili wameishi mlango kwa mlango hapo Ruring'u, na hajawahi mmoja kumwita mwenzake kwa jina. Ilikuwa Mama Lynn na Mama Mutahi, kwa heri na kwa shari. Sasa ilikuwa Murugi na Wacera, mbele ya mfereji, Jumapili saa tatu asubuhi, wakati watu wanajitayarisha kwenda kanisani. Ngendo wa mlango wa tano aliikamua ile shuka moja mpaka ikakaribia kuwa kamba, ili apate sababu ya kubaki pale. Gatimu, aliyekuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo alichoegesha dirishani, alinyoa shavu moja akalisahau la pili.

Murugi alisema hajui kionjo ni nini katika mambo hayo. Anachojua ni kwamba binti yake Lynn alibeba sahani tangu saa saba mpaka saa kumi, hakukaa, na sahani zilirudi jikoni na chakula. Mtu akiletewa chakula akakiacha, alaumiwe nani? Mpishi? Au yule mwanamke aliyekaa amefunga mdomo kama mtu anayepigwa picha?

Wacera alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye masikio. Hakuwa amelala. Usiku mzima alikuwa akilisikia neno moja la mkwe wake, Mzee Mburugu, na kila alipolisikia alitafuta mtu wa kumtwika. Kulipopambazuka aliinuka, akamkuta Murugi mferejini.

Mambo yalianza hivi.

Mutahi, mtoto wa pekee wa Wacera, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha chai upande wa Meru. Huko alimpata Kathambi, karani wa kupima majani, msichana mtaratibu, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Vijana walikwisha kukubaliana, na watu wa Mutahi walikwisha kwenda Meru kujitambulisha, wakapokewa vizuri, wakala mpaka wakalegeza mishipi. Sasa ilibaki zamu ya wazazi wa Kathambi kuja Nyeri kuona binti yao anapelekwa kwa nani. Mgikuyu huita ziara hiyo itara. Wageni hawaji kutembea. Wanakuja kuona nyumba, kukaa kwenye viti vya nyumba, kula kilichopikwa kwenye meko ya nyumba. Wakirudi salama, mahari yanazungumzwa. Wakirudi vibaya, hakuna anayetuma barua, kimya kinatosha.

Na nyumba ndiyo ilikuwa kidonda cha Wacera. Alipofiwa na mumewe, shemeji zake kule Tetu walimwambia shamba ni la ukoo na yeye ni wa kupita. Alitoka na kijana mkononi na godoro kichwani. Tangu hapo aliuza mitumba sokoni Nyeri, akamsomesha Mutahi, akapanga chumba kimoja hapo Ruring'u, kitanda nyuma ya pazia, jiko la mkaa mlangoni, mabunda ya nguo mpaka darini. Chumba chenyewe kilikuwa safi, hilo hata maadui zake wanakubali. Lakini kilikuwa kimoja. Alipojaribu kumwona akilini Mzee Mburugu, babake Kathambi na mzee wa kanisa la Methodisti mwenye kahawa na ng'ombe wa maziwa wa gredi, amekaa kati ya pazia na bunda la sweta, alikosa hata pa kuiweka sahani yake.

Alimwambia Murugi. Si alikuwa Mama Lynn wakati huo, mtu wa kuambiwa? Na Murugi, ambaye hajawahi kuambiwa tatizo akakosa dawa, alimwambia asihangaike, awapeleke Kwa Ramoni.

Sasa huyo Ramoni. Alikuwa Mhispania aliyekuja kupanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru, akashuka akiwa na vidole vya miguu vimeungua kwa baridi, na badala ya kurudi kwao alikodi jengo lililokuwa la Mhindi wa vitambaa, katikati ya mji wa Nyeri. Akalipaka chokaa nyeupe, akatundika vitunguu saumu na mguu mzima wa nguruwe juu ya kaunta, akapanga chupa za divai ukutani kama vitabu vya wakili. Watalii walikula pale wakienda mbugani, na mameneja wa mashamba wakitoka Nanyuki, na siku hizo za miaka ya tisini hata wakubwa wa benki walianza kuonekana pale siku ya Ijumaa. Chakula chenyewe kiliitwa tapasi, visahani vidogo vinavyoletwa kimoja baada ya kingine mpaka mtu ashibe. Ploti ya Ruring'u ilicheka jina hilo wiki nzima. Gatimu alisema mtu akila tapasi lazima atatapika, na kama hatatapika basi ametapeliwa. Lakini Lynn aliajiriwa pale kupeleka sahani, akaanza kurudi nyumbani na aproni nyeusi na maneno ya Kihispania, na Murugi akaacha kucheka.

Murugi alisema: wakwe wakiona kitambaa cheupe mezani na maua kwenye glasi, nani atauliza habari ya nyumba? Watasema kijana ametoka kwa watu wanaojua dunia. Na Lynn atawahudumia yeye mwenyewe, kama mtoto wa nyumba.

Wacera alilinunua neno hilo lote bila kulipima.

Jumamosi wakaja, Mzee Mburugu na mkewe Karwitha na Kathambi mwenyewe, baada ya kulala safarini kwa ndugu yao anayekaa Kiganjo. Mutahi aliwapokea stendi akawapeleka moja kwa moja Kwa Ramoni, Wacera alikokuwa akiwangoja. Mzee alivaa koti la kanisani. Karwitha alikuwa na viondo viwili, vikapu vya kusuka, kimoja mgongoni na kimoja mkononi, vimefunikwa kwa leso. Waliketi. Walitazama ukutani. Mzee Mburugu aliuliza kwa upole kama hapa ndipo Mama Mutahi anapoishi. Mutahi akakohoa, akasema hapana, hapa ni pa kulia.

Lynn akaanza kuleta.

Aliweka kisahani cha mizeituni. Akaweka kisahani cha nyama ya ule mguu, imekatwa nyembamba mpaka unaona ua la sahani upande wa pili. Akaweka vipande vya mkate, kila kimoja na tone la nyanya. Akaweka glasi tano za divai nyekundu, glasi ndefu, divai chini kabisa kama dawa.

Mmethodisti wa Meru aliyelelewa vizuri anajua mahali pamoja tu ambapo mkate mdogo na divai kidogo hukaa pamoja. Karwitha aliinamisha kichwa. Mzee Mburugu akavua kofia, akasubiri. Wakati huohuo Ramoni akatoka jikoni kuwasalimu wageni wa Lynn, shati jeusi limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono ameikunjua, uso umejaa upendo. Mzee alisimama akamwita Mchungaji. Kathambi alikanyaga mguu wa Mutahi chini ya meza, na Mutahi, ambaye angecheka siku nyingine yoyote, alitamani sakafu imfungukie.

Hilo lilipita. Walieleweshwa, Mzee akakaa, divai ikasukumwa kando, soda zikaletwa. Kosa lenyewe, lile lililomaliza siku, hakuna aliyeliona likija.

Kila mtu aliyewahi kuketi kwenye bucha ya nyama choma anajua kionjo. Umechagua mguu wako wa mbuzi, umetiwa motoni, na wakati unangoja, mchomaji anakukatia vipande viwili vitatu juu ya ubao, chumvi pembeni, ili njaa isikuaibishe. Hicho si chakula na hakuna anayekiita hivyo. Ukiwa na adabu hukimalizi. Unagusa kimoja, unaacha, unaweka nafasi ya chakula kinachokuja. Basi Mzee Mburugu aligusa kimoja. Karwitha akagusa kimoja. Wacera mwenyewe, ambaye alikuwa mwenyeji lakini naye hajawahi kula tapasi maishani, aligusa nusu, akakunja mikono, akangoja.

Lynn akaja akaona sahani zimejaa, akadhani hawakupenda. Akaleta nyingine. Viazi na mayai, vimekatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti. Wakagusa. Akaleta kamba wa baharini, ambao Mzee Mburugu aliwatazama, nao wakamtazama. Akaleta uyoga. Kila mara aliinama kwa Wacera akauliza aongeze, na Wacera, akitabasamu kwa meno yote, akasema lete tu, tunangoja. Lynn alielewa kwamba wanafurahia. Wacera alielewa kwamba jikoni kuna nyama inayokawia. Saa nane ikaisha. Saa tisa ikaisha. Visahani kumi na viwili vilijaa mezani kama vya watoto wanaocheza kupikapika, na watu watano wameizunguka meza, matumbo yanalia.

Mwishowe Mzee aliuliza kama moto umekataa.

Saa kumi alisimama, akaomba sala fupi sana, sala ya barabarani, akavaa kofia. Kisha akamshika Wacera mkono, akamtazama, akasema: "Tumeonja, Mama Mutahi. Siku mkipika, mtuite."

Wakaenda zao Kiganjo. Mutahi aliwasindikiza, akarudi jioni, akakaa kwenye kiti akauelekeza uso ukutani, hakugusa ile githeri ya mahindi na maharagwe aliyopakuliwa. Alfajiri aliondoka bila kuaga.

Ndiyo sababu Wacera alikuwa mferejini asubuhi hii, na ndiyo sababu Murugi hakuwa Mama Lynn tena.

"Umeniharibia mtoto," Wacera alisema. "Niko na mmoja tu. Wewe uko na watano, ungeweza kuharibu wako."

Ngendo aliiacha shuka.

Murugi akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayechagua mawe. Alisema hakuharibu kitu. Wacera alimjia akilia juu ya chumba chake, akisema heri mto umchukue kuliko wakwe walione hilo pazia. Yeye alimtafutia mahali pa kuficha aibu yake, kwa huruma. Kama aibu imekataa kujificha, aibu ni ya nani?

"Hiyo nyumba ni aibu kwako peke yako," Murugi alimalizia. "Sisi wengine tunalala kwa nyumba kama hiyo na tunaamka."

Neno hilo lilimpata Wacera mahali pabaya, kwa sababu lilikuwa na ukweli, na hakuna kitu kinachomkasirisha mtu kama ukweli unaosemwa na mtu anayemchukia wakati huo. Alichukua ndoo ya Murugi akaimwaga. Maji yalikimbia mpaka kwa miguu ya Gatimu, ambaye aliinua viatu vyake bila kutoa macho kwenye tamasha. Wacera alisema sufuria ya Murugi isikanyage tena mlango wake, wala chumvi, wala kiberiti, wala hodi. Alisema Lynn alimwona anaaibika akaendelea kuleta visahani kama mtu anayegawa karata, na kwamba hilo lilipangwa, kwa wivu, kwa sababu binti za Murugi hakuna hata mmoja aliyewahi kuletewa hata kuku.

Mlango wa Murugi ukafunguka. Lynn akatoka.

Alikuwa bado na leso kichwani, macho yamevimba kwa usingizi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mpole, ambaye ploti nzima ilimtuma dukani tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyekumbuka kumsikia akimjibu mtu mzima. Alimsalimu Wacera kwanza. Ndipo akasema.

"Mama Mutahi, nilikuuliza kila mara niongeze ama nisiongeze. Uliniambia leta. Hiyo nimekubali, labda hatukuelewana. Lakini kuna kitu kingine. Wazee hawakukasirika juu ya visahani."

"Walikasirika juu ya nini?"

"Viondo."

Wacera akageuka kuelekea mlango wake.

"Uliniambia nivitoe," Lynn alisema. "Wageni walipoingia, Mama Kathambi aliviweka chini ya meza. Wewe uliniita kando, ukaniambia vinaonekana vya ushamba hapo kwa ukuta mweupe, niviweke stoo. Nikaviweka stoo. Na walipoondoka, Mama Kathambi aliniuliza viko wapi. Nilimpeleka. Vilikuwa kati ya kreti za soda na mafuta ya kupikia. Alivitazama. Alinishukuru. Akavibeba."

Murugi alimgeukia binti yake kwa mshangao. Ilionekana kabisa kwamba Lynn hakuwa amemwambia.

Kila mwanamke aliyekuwa pale, na Gatimu pia, alijua kiondo ni nini. Mama wa binti haji kwa wakwe mikono mitupu. Anabeba alichopanda na kusaga mwenyewe, na mwenye nyumba anakipokea mlangoni, anakipeleka ndani, anakimimina kwenye vyombo vyake, kisha anatia kitu cha kwake ndani ya kiondo kabla ya kukirudisha. Hakuna maneno. Kiondo kikienda kimejaa na kurudi kimejaa vilevile, basi umefukuzwa, na huhitaji kuelezwa na mtu.

Wacera alikuwa amelijua hilo tangu jana. Alilijua usiku kucha, ndiyo maana alilishika lile neno la kionjo kwa mikono miwili, ili asije akalishika hili. Ukuta mweupe. Alikumbuka jinsi alivyoinama kwenye sikio la Lynn, haraka, akiona haya, na jinsi Karwitha alivyomwona akiinama.

Hasira yake haikwisha. Ilikosa tu pa kwenda, ikazunguka mle ndani kama ng'ombe kwenye choo. Alitaka kumpiga Lynn kofi, alitaka kumpiga Murugi, alitaka kwenda Tetu akawapige shemeji zake wote mmoja mmoja kwa ajili ya lile godoro kichwani. Alisema kwa sauti ya juu kabisa kwamba yeye amechoka kuhukumiwa na watu waliozaliwa juu ya mashamba, kwamba huyo mama wa Meru kama anataka boma lenye uzio aende akalitafute, kwamba viondo ni viondo tu.

"Basi nivirudishe?" mtu akauliza kutoka langoni.

Karwitha alikuwa amesimama pale, kiondo kimoja mgongoni, kimoja mkononi. Nyuma yake alisimama Mzee Mburugu na koti lake la kanisani. Nyuma ya Mzee alisimama Mutahi, mikono mitupu, uso wa mtu aliyekataliwa kusaidia mzigo tangu Kiganjo. Alikuwa amekwenda alfajiri kuomba msamaha, akawakuta wamekwisha kuvaa, wako njiani kuja. Kathambi alibaki huko. Hakutaka watu waone kwamba amelia.

Karwitha alipita katikati ya ploti, akaruka maji yaliyomwagika, akafika mlango uliokuwa na jiko la mkaa nje. Hakuuliza ni upi. Aliweka viondo vyote viwili chini, kizingitini kabisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amekasirika.

"Mama Mutahi," alisema. "Hivi viondo vilitoka Meru vikaja Nyeri. Jana vilikaa stoo na kreti. Usiku vikalala Kiganjo, kwa mtu ambaye havikuletwa kwake. Leo nikivipandisha gari vikiwa vimejaa, huko nyumbani wanawake watanipokea mizigo, watavipima kwa mkono, na hakuna atakayeniuliza swali. Nimevileta mara mbili. Sitavileta mara ya tatu. Niambie mbele ya hawa majirani wako. Umevikataa?"

Wacera angeweza kulia. Wengi pale walidhani atalia. Lakini hasira haiondoki kwa kuwa mgeni amefika, na alimjibu Karwitha kwa sauti ileile aliyokuwa akimpigia Murugi.

"Sikuvikataa. Niliona haya. Naona haya hii nyumba miaka kumi, mpaka nikaanza kuona haya kila kitu kinachoikaribia, hata kiondo cha mtu. Kama unataka boma, sina. Nilinyang'anywa. Niko na hiki chumba. Ukisimama hapo mlangoni umekiona chote."

Karwitha alichungulia. Aliliona pazia. Aliyaona mabunda ya nguo yaliyopangwa kwa rangi, na kitambaa kilichofumwa kwa mkono juu ya redio, na picha ya Mutahi akiwa na cheti cha shule. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Nimeona," akasema. "Mbona hukunionyesha jana? Mimi nilizaa Kathambi kwenye nyumba ya udongo ambayo mvua ilikuwa inaomba ruhusa tu kuingia." Bado alikuwa amekasirika. "Hukujionea haya wewe mwenyewe. Ulinionea haya mimi. Ulidhani nitacheka."

"Nilidhani hivyo," Wacera akasema.

"Basi hilo utanilipia. Si leo."

Mzee Mburugu, ambaye mpaka hapo alikuwa akizitazama kamba za nguo kwa heshima kubwa, alisema kwamba watu wa Nyeri husema Wameru ndio wenye hasira. Leo walipofika pale juu barabarani walisikia sauti, wakamwambia kijana asiwaonyeshe njia, watafika wenyewe. Gatimu alicheka, akajikata shavu.

Wacera aliinama akashika kiondo cha kwanza. Kilikuwa kizito. Aliinua leso: unga wa wimbi, na juu yake ndizi mbichi zilizopangwa vidole kwa vidole. Cha pili kilikuwa na njahi, maharagwe meusi ya sherehe, zimepembuliwa moja moja hata hukuona taka. Akasimama navyo mlangoni, na hapo akakumbuka jambo lililomtia baridi. Njahi huchukua nusu siku kuiva. Mkaa haukuwa umewashwa. Ndani kulikuwa na sahani moja ya githeri ya jana, ile aliyoiacha Mutahi. Angewakalisha wageni hawa mara ya pili, mbele ya kitu kidogo, awaambie wangoje.

Nyuma yake alisikia mfuniko ukigonga. Murugi alikuwa ameingia kwake, ametoka na sufuria yake kubwa ameishika kwa matambara mawili, githeri ya nyumba ya watu saba, iliyotiwa viazi na majani ya maboga, mvuke unamfunika uso. Hakusema kitu. Alivuka maji yake mwenyewe yaliyomwagwa, akafika mlangoni kwa Wacera, akasimama, kwa sababu sufuria hiyo ilikuwa imekatazwa kukanyaga pale, robo saa haijapita.

Walitazamana.

"Ukiulizwa, sema ni yako," Murugi alisema kwa sauti ya chini.

"Nitasema ni yako," Wacera akajibu. "Sidanganyi tena watu. Weka hapo kwa meza. Na Lynn alete sahani, zile kubwa. Na usidhani tumemaliza, Mama Lynn, ile ya mtoto wangu bado nitakuuliza."

"Na ile ya ndoo nitakuuliza," Mama Lynn akasema, akaingia na sufuria.

Karwitha alimfuata bila kungoja, akavua viatu, akalisogeza pazia, akakaa kwenye kitanda kama mtu aliyefika kwa dada yake ambaye hawaelewani. Mutahi alisimama nje, hajui aende upande gani. Mzee Mburugu ndiye aliyebaki kizingitini. Alikuwa ameivua kofia, ameishika kifuani, lakini mguu wake haukuvuka. Alinyoosha shingo akaitazama sufuria, akaangalia ukubwa wake, akaangalia jinsi mvuke ulivyokuwa ukipanda mpaka kwenye mabunda ya sweta. Alikuwa hajala kitu cha maana tangu juzi jioni, na jana alikuwa ametia adabu nyingi tumboni.

"Mama Mutahi," akasema, "kabla sijaketi. Hii ni kionjo, ama ni chakula?"

Wacera alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, na sauti ilitoka nayo.

"Ni chakula, Mzee. Ingia, ule."